Mtoto Asiyeonekana: Historia Fupi ya Msaada wa Shule, Jinja na Mbale

Alipokuwa darasa la nne huko Jinja, mdogo wangu alipoteza kalamu karibu kila wiki. Daftari la Hesabu lilibaki nyumbani, la Sayansi lilisahaulika kwa jirani, na kazi aliyokwisha kuifanya haikumfikia mwalimu. Alichapwa. Mama alipokwenda kuomba msaada, aliulizwa swali moja: “Mtoto ana ulemavu gani?” Hakuwa na jibu. Insha hii inajaribu kueleza, kwa njia ya historia, kwa nini aliulizwa hivyo.

Kwanza ni shule yenyewe. Kabla ya misheni, mtoto wa Kisoga au wa Kigisu alijifunza kwa kufuatana na wakubwa wake shambani na machungani. Hakuwa na daftari la kupoteza. Shule za Kianglikana, kama Nabumali karibu na Mbale na ile iliyokuja kuwa Chuo cha Busoga Mwiri, iliyoanza 1911, zilikuja na kengele, ratiba na sare. Jinja nayo, bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa 1954 na viwanda vikaongezeka, ikawa mji wa kwenda kwa saa. Kupanga vitu na muda kukahesabiwa kuwa tabia njema, na asiyeweza akaitwa mkaidi au mvivu.

Pili, elimu maalumu ilianza na ulemavu unaoonekana. Wakati wa Gavana Andrew Cohen (1952–1957), serikali ya kikoloni ilianza kushughulikia elimu ya watoto wasioona, na katika miaka hiyo Madera, huko Soroti, kaskazini ya Mbale, ikapata shule yao. Hatua hiyo ilikuwa ya haki. Hata hivyo, iliacha mazoea ya kudhani kwamba msaada ni wa macho, masikio na miguu tu.

Tatu, miaka ya 1990 ilipanua mlango. Walimu walisomea elimu maalumu katika taasisi ya taifa iliyokuwa Kyambogo, ambayo 2003 iliunganishwa katika Chuo Kikuu cha Kyambogo. Kwa msaada wa Denmark, wilaya zilipata maofisa wa kuchunguza mahitaji ya watoto. Katiba ya 1995, ibara ya 30, ilitamka kwamba kila mtu ana haki ya elimu. Kisha, 1997, ikaja Elimu ya Msingi kwa Wote, na wanafunzi wakaongezeka kutoka milioni 3.1 hivi hadi milioni 5.3 kwa mwaka mmoja. Mwenye ulemavu alipewa kipaumbele kati ya watoto wanne wa kila familia. Lakini katika darasa lililofurika, mwalimu angemtambuaje yule anayesahau tu? Haki ilimwingiza darasani, msongamano ukamficha.

Sheria ya Watoto iliyorekebishwa 2016 ilipiga marufuku viboko shuleni. Ni jambo jema, ila kuondoa fimbo si sawa na kutoa msaada. Baraza la Mitihani huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu muda wa ziada, lakini ni lazima shule iwaombee mapema. Asiyetambuliwa hana wa kumwombea.

Mama alirudi shuleni na daftari lake mwenyewe. Kwa wiki tatu alikuwa ameandika siku, kitu kilichopotea na saa kilipopotea. Safari hii alimkuta mwalimu aliyesomea elimu maalumu. Huyu hakuuliza juu ya ulemavu. Aliuliza, “Mama, husahau zaidi wakati gani?” Daftari lilijibu: jioni, wakati wa kutoka. Wakakubaliana mambo matatu: ratiba ibandikwe kwenye dawati lake, rafiki amsaidie kukagua mkoba kabla ya kengele ya mwisho, na maagizo atolewe moja moja.

Bado hupoteza kalamu. Madaftari yanafika.

Wengi wetu tunaosoma hapa Mbale tutakuwa walimu. Historia niliyoieleza inaonyesha kwamba sheria zilitangulia na macho yetu yakachelewa. Mzazi akija na daftari kama lile, tulisome kwanza kabla ya kumuuliza jina la ugonjwa.