Historia Iliyomo Kibuyuni

Historia ya mtindi huandikwa kana kwamba ilianzia Ulaya. Mwaka 1905 Stamen Grigorov, Mbulgaria aliyekuwa Geneva, alimtambua bakteria anayegandisha maziwa ya kwao. Muda si mrefu Élie Metchnikoff wa Taasisi ya Pasteur akawasifu wakulima wa Bulgaria kwa umri wao mrefu, na kiumbe yule akapewa jina la nchi: bulgaricus. Nadharia ya Metchnikoff kuhusu uzee ilikuwa na matobo, lakini jina lilibaki.

Kemambo haina jina katika orodha hiyo. Hapo Tarime, kama ilivyo ng'ambo ya Mto Mara upande wa Serengeti, Wakurya ni wafugaji wa tangu enzi, na maziwa ya mgando si mageni mezani. Maziwa yakiwekwa kibuyuni hayahitaji mbegu ya dukani: bakteria wa mgando uliopita hubaki katika vinyweleo vya ukuta wa kibuyu, nao huanza kazi upya. Kwa hiyo kila kibuyu kina ukoo wake wa bakteria, na walioutunza, kwa sehemu kubwa, ni wanawake.

Nani ameusoma ukoo huo? Kwa majirani jibu lipo. Mwaka 2004 Julius Mathara na wenzake walichapisha uchunguzi wa kule naoto, maziwa ya mgando ya Wamasai wa Kenya. Aliyetawala alikuwa Lactobacillus plantarum, akifuatana na fermentum na wengineo. Mwaka huohuo, jijini Mwanza, mradi wa chuo kikuu kimoja cha Kanada ulianza kutengeneza mtindi pamoja na kina mama wa Mabatini, hasa kwa ajili ya watu wanaoishi na VVU. Bakteria wake, Lactobacillus rhamnosus GR-1, alitoka Kanada. Sina ugomvi na mradi ule, umelisha watu. Ninachokihoji ni sera yetu, inayopokea mbegu kutoka ng'ambo ya bahari bila kuuliza kibuyu cha ng'ambo ya ziwa kina nini.

Wapo watakaonikumbusha ugonjwa wa kutupa mimba na kifua kikuu cha ng'ombe. Wana haki: uchachu peke yake hauwezi kuaminiwa kuua vimelea hivyo. Lakini maziwa yanaweza kuchemshwa, yakapozwa, kisha yakatiwa bakteria waliochujwa kutoka kibuyuni na kupimwa usalama. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 imekwisha kutambua kwamba rasilimali za namna hii, na maarifa yanayoambatana nazo, zina wenyewe wanaostahili mgawo wa faida.

Ndoo ya plastiki, ikisuguliwa kwa sabuni kila siku, haiachi ukoo wowote nyuma. Kuhifadhi si kazi ya mabilioni: vijiko vichache vya mgando, maabara ya kuwatenga bakteria, gliseroli na jokofu la baridi kali. Chuo Kikuu cha Sokoine kina wataalamu wa maziwa. Afisa mifugo wa kata ndiye awezaye kuwaonyesha nyumba ambazo bado zina vibuyu.