Golf GTI ipi iliyo bora? Ubishi wa vizazi vinane

Volkswagen ilipanga kutengeneza Golf GTI 5,000 tu. Idadi hiyo ingerudisha gharama za kuliandaa gari na kulipatia ruhusa ya kushiriki mashindano, basi. Kizazi cha kwanza kilipofikia ukomo, yalikuwa yameuzwa zaidi ya magari 460,000, na sasa kizazi cha nane ndicho kinachotoka kiwandani. Katika safari hiyo umezuka ubishi usiokwisha, kuanzia gereji za Ujerumani hadi maegesho ya Nairobi na Johannesburg: kati ya hivyo vinane, ni kipi hasa kinachostahili herufi hizo tatu?

Kwa kawaida kila mtu hulitetea gari la ujana wake. Lakini zipo hoja nzito pia, na ili kuzipima inabidi kurudi Machi 1973, wakati Alfons Löwenberg, mhandisi wa majaribio wa Volkswagen, alipowaandikia wenzake wachache akipendekeza gari la kuchangamsha.

Ulikuwa wakati mgumu wa kuomba jambo kama hilo. Kampuni ilikuwa imeegemea Beetle kwa miaka mingi na Beetle ilikuwa inazeeka. Kabla mwaka haujaisha, vita vya Mashariki ya Kati vikapandisha bei ya mafuta, na mwaka 1974 Volkswagen ikapata hasara ya mamia ya mamilioni ya maki. Kwa hiyo Löwenberg na wenzake, akina Hermann Hablitzel na Herbert Schuster, walifanya kazi kwa siri. Anton Konrad, mkuu wa habari wa kampuni, aliwafungulia mlango wa nyumba yake wakutane huko, mbali na macho ya wakubwa. Gari lao la kwanza la majaribio lilikuwa na makelele yasiyovumilika. Walilituliza, wakahamishia mawazo yao kwenye Golf mpya iliyochorwa na Mtaliano Giorgetto Giugiaro, na mwaka 1975 wakubwa wakakubali. GTI ikaonyeshwa Frankfurt mwezi Septemba mwaka huo, ikaanza kuuzwa mwaka uliofuata kwa maki 13,850.

Haikuwa ya kwanza katika fani yake. Wafaransa walikuwa na Simca 1100 TI kabla yake, na Renault 5 Alpine ilitoka mwaka huohuo wa 1976. Tofauti ilikuwa katika mchanganyiko: injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 110, petroli inayonyunyizwa na mfumo wa Bosch badala ya kabureta, na mwili wa kilo 810 tu. Gari la kubebea watoto na mboga za sokoni likakimbia kilomita 182 kwa saa, na kwenye barabara kuu za Ujerumani likaanza kuyapumulia mgongoni magari ya bei mara mbili yake.

Sura yake nayo ilikuwa na ujasiri. Gunhild Liljequist, mbunifu aliyeanzia kazi ya kupamba vyombo vya kauri, ndiye aliyechagua kitambaa cha mirabaraba cha viti na kichwa cha gia kilichofanana na mpira wa gofu. Mstari mwembamba mwekundu ukazunguka wavu wa mbele. Hadi leo vitu hivyo vitatu ndivyo mashabiki wanavyovitafuta kwa macho kabla hata ya kufungua boneti.

Watetezi wa kizazi cha kwanza wanasimama kwenye uzito. Kila farasi mmoja alivuta kilo 7 na ushei, na hakuna GTI ya kawaida iliyofuata iliyokaribia wepesi wa kilo zake 810. Wana haki. Lakini wanasahau kutaja breki, ambazo zilikuwa dhaifu, hasa kwenye magari ya usukani wa kulia, ambako kanyagio lilipaswa kusukuma chuma kilichovuka gari zima hadi upande wa kushoto.

Kizazi cha pili kilikuja mwaka 1983, na GTI yake ikafuata muda mfupi baadaye. Gari lilirefuka, likapanuka, likapata buti ya maana na nafasi ya miguu nyuma, huku uzito ukiongezeka kilo mia moja hivi. Injini ya lita 1.8 ilikuwa na farasi 112, na baadaye ikaja ya valvu 16 yenye farasi 139. Peugeot ilijibu kwa 205 GTI mwaka 1984, na wengi waliliona gari hilo la Kifaransa kuwa jepesi na la kusisimua zaidi kwenye kona. Hata hivyo 205 iliweza kumgeuka dereva aliyeondoa mguu kwenye mafuta katikati ya kona. Golf ilimsamehe.

Na uimara wake ulithibitishwa mahali pagumu. Mwaka 1986 Msweden Kenneth Eriksson alitwaa ubingwa wa dunia wa rally kwa madereva wa kundi A, lile la magari yaliyokaribiana na yale ya kuuzwa, kwa Golf GTI ya valvu 16. Mwaka uliofuata alishinda Rally ya Ivory Coast kwa gari hilo, katika vumbi na joto ambavyo viliyamaliza magari mengi yenye nguvu kuliko lake. Volkswagen haikupata ushindi mwingine wa rally ya dunia hadi mwaka 2013, ilipokuja na Polo. Ushindi huo wa Afrika Magharibi hautajwi inavyostahili kila ubishi huu unapowaka, ingawa unasema mengi kuliko jedwali lolote la kasi.

Kwa hiyo makala haya yanasimama na kizazi cha pili. GTI ilibuniwa kwa ajili ya mtu mwenye uwezo wa kumiliki gari moja tu, ambaye hakutaka gari hilo limchoshe. Kizazi cha pili ndicho kilichotimiza ahadi hiyo bila kupunguza chochote.

Yaliyofuata yalikuwa ya kusikitisha. GTI ya tatu, iliyoanza miaka ya mwanzo ya 1990, ilipita tani moja kwa injini ya lita 2 yenye farasi 115, ikawa nzito kuliko ilivyoonekana, ingawa ile ya valvu 16 iliyokuja baadaye iliokoa heshima kidogo. Kizazi cha nne, cha mwaka 1998, kilijengwa vizuri ajabu: plastiki laini, milango iliyofunga kwa sauti nzito, mabati yaliyokingwa kutu. Tatizo ni kwamba herufi GTI zilibandikwa hata kwenye magari ya farasi 115, na Ujerumani zilibandikwa kwenye injini za dizeli. Wapo wanaoitetea kwa sababu ya injini ya 1.8 turbo, ambayo mafundi waliikuza nguvu kwa urahisi. Lakini sifa hiyo ni ya fundi.

Ndiyo maana kizazi cha tano kinapendwa kwa shukrani. Kilitokea mwaka 2004 na farasi 200, turbo, mfumo mpya wa tairi za nyuma unaoruhusu kila tairi kufanya kazi peke yake, na gia ya DSG inayobadilika kufumba na kufumbua. Mstari mwekundu ulirudi. Viti vya mirabaraba vilirudi.

Afrika Mashariki hiki ndicho kizazi kilichowafundisha vijana wengi maana ya GTI, na sababu iko bandarini. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, na mengi huja kutoka Japani na Uingereza, ambako usukani uko kulia kama huku. GTI ya tano iliposhuka bei huko, ikapanda meli. Mafundi walijifunza haraka kwamba kipande kidogo cha chuma kati ya kemu na pampu ya petroli hulika polepole na lazima kikaguliwe, na kwamba mafuta ya DSG yana muda wake. Kizazi cha sita kilipofuata, na farasi 210, wasiwasi ukahamia kwenye kikaza mnyororo wa taimingi. Afrika Kusini ubishi una ladha nyingine: kiwanda cha Uitenhage kiliendelea kutengeneza Golf yenye umbo la kizazi cha kwanza, kwa jina la Citi Golf, kuanzia mwaka 1984 hadi 2009. Huko Golf ya kwanza ilibaki gari la kila siku miaka mingi baada ya Ulaya kuigeuza kumbukumbu.

Kizazi cha saba, cha mwaka 2013, ndicho mpinzani wa kweli wa cha pili. Kilipunguza uzito, kikapata farasi 220, na mwaka 2016 kikazaa Clubsport S yenye farasi 310 na viti viwili, magari 400 tu. Dereva Benjamin Leuchter aliizungusha njia ya mashindano ya Nürburgring kwa dakika 7 na sekunde 49. Anayetaka GTI moja ya kutumia leo, mvua au jua, hana sababu ya kutafuta nyingine.

Cha nane kiligeuza vitufe kuwa vya kugusa, malalamiko yakajaa, na kilipoboreshwa mwaka 2024 gia ya mkono ikaondolewa kabisa. Waliobaki na klachi wanazishika funguo zao kwa nguvu zaidi.

Golf ya pili nayo inazidi kuadimika. Anayeipata aanze na shingo ya kujazia petroli: huoza kwa ndani, na unga wa kutu hushuka polepole hadi kwenye pampu na sindano, gari likaanza kukohoa bila sababu inayoonekana. Shingo mpya na tangi lililosafishwa hurudisha pumzi kwenye injini ya valvu nane.