Siku ya Arobaini

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Thelathini na tisa anakula kuku kwa mrija, ya arobaini anakamatwa. Sasa mtu akiipima kazi ya mwizi kwa zile thelathini na tisa, atasema nini? Atasema wizi hauna hatari hata kidogo! Usicheke. Mabenki makubwa ya dunia yalipima hatari zao karibu vivyo hivyo.

Mkuu wa benki ya J.P. Morgan kule New York, Dennis Weatherstone, aliwataka watu wake wamletee kila siku, saa kumi na robo jioni, karatasi moja tu: kesho tunaweza kupoteza kiasi gani? Mwaka 1994 benki ikaitoa hadharani hesabu yake. Katika siku 100, siku 95 hasara haitavuka kiasi fulani. Namba moja, bosi analala usingizi. Na zile siku tano je? Utapoteza kidogo zaidi, au utabaki huna hata kandambili? Namba kimya.

Na onyo lilikwisha kutolewa. Mwaka 1963 Benoit Mandelbrot alionyesha kwa bei za pamba kwamba mirukomiruko mikubwa hutokea mara nyingi kuliko hesabu za kawaida zinavyodai. Tarehe 19 Oktoba 1987 soko la hisa la New York likaporomoka asilimia 22.6 kwa siku moja. Kwa hesabu zile, siku kama hiyo isingetokea hata tangu dunia iumbwe. Ikatokea.

Wakaja Long-Term Capital Management. Wakubwa wake wawili, Robert Merton na Myron Scholes, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Wasomi wa kutupwa! Lakini kwa kila dola yao walikuwa wamekopa zaidi ya 25. Tarehe 17 Agosti 1998 Urusi ikashindwa kulipa madeni. Siku nne baadaye wasomi wetu wakapoteza dola milioni 553 kwa siku moja tu. Septemba, mabenki na makampuni 14 yakachanga kama dola bilioni 3.6, yakiogopa wasije wakaanguka na wengine.

Cha ajabu, wajenzi wa kuta za bahari walikwisha kulijua somo hili. Usiku wa kuamkia 1 Februari 1953 bahari iliivamia Uholanzi, ikaua watu 1,836. Mwanahisabati David van Dantzig na wenzake hawakuuliza maji ya kila siku yanafika wapi. Waliuliza: yale yanayokuja mara moja katika miaka 10,000 yatafika wapi? Wakazichambua dhoruba kubwa, si siku shwari.

Hesabu za namna hiyo ndizo baadaye zikaingia kwenye fedha. Mwaka 2016 Kamati ya Basel, inayotunga kanuni za mabenki, ikapitisha kipimo kipya: chukua matokeo mabaya kabisa, asilimia 2.5, kisha tafuta wastani wa hasara yake. Asilimia 2.5 ni moja katika ngapi? Arobaini! Na wazee wetu hawakuwa na kompyuta.

Basi kijana mwenzangu, ukiletewa dili ukaambiwa halijawahi kuleta hasara, usiulize limekula kuku siku ngapi. Uliza: ya arobaini ikifika, tutabaki na nini?