Kampuni Mama, Mama wa Nani?

Kuna neno moja la biashara ambalo kila nikilisikia kwenye habari nacheka kidogo, halafu nanuna: kampuni mama. Mama yuko London, au siku hizi Colombo, na hapa Kenya ana mtoto anayeitwa kampuni tanzu. Kiswahili chetu kimeipa biashara undugu, bila hata biashara yenyewe kuomba. Na kwetu Kisii na Nyamira undugu hauchezewi. Mtoto akivunja dirisha la jirani, jirani hapotezi muda na mtoto. Anavuka ua, anabisha mlango, anauliza mama yake yuko wapi.

Sasa kuna watu 218 waliovuka bahari kubisha mlango wa mama. Wengi wao walikuwa watu wetu, Abagusii. Kwenye makaratasi ya mahakama majina yao hayakuandikwa, ziliandikwa herufi tu: AAA na wenzake. Kama ulizaliwa karibu na 2007 kama mimi, kuna uwezekano mkubwa hujawahi kusikia kesi yao, na hiyo inaniuma kuliko jambo lingine lolote kwenye hii stori. Lakini ili uielewe lazima turudi nyuma sana, kwa hivyo vumilia.

Ukitoka Kisii mjini, ukapita Keroka, ukafika Chepilat, umefika mpakani. Mbele yako ni Sotik, halafu Litein, halafu Kericho, na mashamba yanabadilika sura. Upande wetu ni vipande vidogo: ndizi, mahindi, ng'ombe wawili, mistari michache ya chai, kaburi la babu na nyumba ya mjomba, vyote ndani ya ekari moja. Upande ule ni chai mpaka macho yachoke. Watu wengi hudhani hiyo tofauti imeletwa na Mungu. Imeletwa na serikali ya mkoloni, na tarehe zake zinajulikana.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walitenga maelfu ya ekari Kericho kwa maofisa wao waliojeruhiwa vitani, wakalime kitani. Bei ya kitani ikaporomoka, mradi ukafa, na katikati ya miaka ya 1920 kampuni za chai zikaingia: Brooke Bond na James Finlay. Ardhi yenyewe haikuwa pori lisilo na wenyewe. Wakipsigis walisukumwa wakae pembeni, na mwaka 1934 ukatungwa mpaka sheria ya kuwahamisha ukoo wa Talai, ambao walipelekwa Gwassi, kule karibu na Ziwa Victoria. Nalitaja hili mapema makusudi, kwa sababu ukisoma yaliyotokea 2008 bila kulijua, utadhani ni chuki tu iliyoanguka kutoka mbinguni.

Abagusii waliingia wapi? Kwa mlango wa kodi. Baada ya mashambulizi ya Waingereza ya 1905 na 1908 (mwaka ambao Otenyo alimchoma mkuki ofisa wao Northcote, hiyo najua mnaijua), ilikuja kodi ya kibanda. Kodi ilitakiwa kwa pesa taslimu, si kwa wimbi wala mbuzi. Na pesa taslimu unaipata wapi kama wewe ni kijana wa Bonchari mwaka 1928? Unaenda kumfanyia kazi mtu mwenye nayo. Kwa hivyo "kwenda Kericho" ikawa sehemu ya maisha ya Gusii, kizazi baada ya kizazi.

Ungeuliza, kwani hawangepanda chai yao nyumbani? Mvua ipo, baridi ya milimani ipo, udongo upo. Jibu ni kwamba walikatazwa. Kahawa waliruhusiwa kwa majaribio miaka ya 1930, pamoja na watu wa Meru na Embu, lakini chai ilibaki ya kampuni na masetla mpaka miaka ya 1950. Tena kuanzia 1933 kulikuwa na mkataba wa kimataifa wa wazalishaji wa chai wa kubana upanzi mpya ili bei isishuke. Yaani mtu wa Nyamira alizuiwa kupanda mche kwenye shamba la baba yake, kisha akaajiriwa kuchuma mche uleule kilomita chache kutoka kwao. Mimi hapo huwa nasimama kidogo. Mtu akikwambia kampuni za kigeni "zilituletea kazi", ni kweli. Muulize tu ni kazi gani nyingine iliyokuwa imefungwa kwa kufuli wakati ule.

Kufuli lilifunguliwa polepole. Mwaka 1960 serikali ya mkoloni iliunda shirika la kusimamia chai ya wakulima wadogo, na 1964, baada ya uhuru, likawa KTDA. Pesa za kuanzia zilitoka nje, zikiwemo za Benki ya Dunia na shirika la maendeleo la Uingereza, na viwanda vya mwanzo vilisimamiwa na kampuni zilezile kubwa kwa sababu ndizo zilizojua kazi. Hapo nazipa haki yao, ujuzi ulitoka kwao. Leo magokoro wangu ana michai yake huko Nyamira, anapeleka majani kituoni, na kisheria ana hisa kwenye kiwanda. Sanganyi, Kebirigo, Nyansiongo, Tombe, Gianchore upande wa Nyamira. Ogembo, Nyamache, Kiamokama, Itumbe upande wa Kisii. Hivyo viwanda ni vya wakulima. Ndiyo, bonasi ya upande wetu wa magharibi huwa chini kuliko ya kule Mlima Kenya, na kila ifikapo Oktoba watu wanachemka. Lakini angalia kitu kimoja: mkulima akikasirika anajua mlango wa kubisha. Anaweza kuandamana mpaka kwenye geti la kiwanda, na uchaguzi ukifika anaweza kumtoa mkurugenzi.

Mchumaji wa Kericho hakuwa na mlango kama huo. Mwaka 1984 Unilever iliinunua Brooke Bond, na kwa mara ya kwanza (ya mwisho bado) mamlaka ya juu ya lile shamba yalihama kwa makubaliano yaliyofanyika Uingereza. Mchumaji aliamka akachukua kikapu kama jana. Nisiwe mchoyo hapa: Unilever ilikuwa na nyumba za wafanyakazi, shule, hospitali, na mshahara ulioingia. Kuna familia nyingi Gusii zilizosomesha watoto kwa pesa hiyo. Serikali nayo ilipata kodi, na nchi ikapata dola. Kenya ndiyo nchi inayouza nje chai nyeusi nyingi zaidi duniani, na mashamba ya kampuni hizi yamechangia sana kwa hilo. Anayesema wawekezaji wa nje hawana faida yoyote anaongea na hasira, haongei na hesabu.

Kisha ikafika tarehe 30 Desemba 2007. Matokeo ya urais yakatangazwa, nchi ikawaka. Kericho, wafanyakazi waliotoka Gusii walionekana kuwa upande wa Kibaki, na tayari kulikuwa na kile kidonda cha ardhi nilichokitaja. Makundi ya watu yaliingia mpaka kwenye nyumba za wafanyakazi ndani ya mashamba ya chai. Watu waliuawa, wanawake walibakwa, nyumba ziliporwa na kuchomwa. Waliosalimika walikimbilia kwenye michai yenyewe, wakajificha humo, kisha wakatafuta njia ya kurudi Gusii, kwenye zile ekari moja moja ambazo ndizo ziliwafanya waondoke tangu mwanzo.

Baadaye wale 218 wakaenda mahakamani London. Hawakuishtaki kampuni tanzu ya Kenya peke yake, waliishtaki na Unilever yenyewe. Hoja yao ilieleweka hata na mtoto: mlituweka tukae ndani ya mashamba yenu, katikati ya watu ambao mlijua uhusiano wao na sisi wakati wa uchaguzi ni wa moto, na hamkujiandaa kutulinda. Kampuni ilijibu kwamba ile ilikuwa ghasia ya nchi nzima, sheria na amani vilivunjika kila mahali, na hakuna aliyeweza kutabiri kiwango kile.

Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Uingereza iliwakatalia. Julai 2018 Mahakama ya Rufaa nayo ikawakatalia, na sababu yake ndiyo ninayotaka uishike. Majaji walisema hakuna ushahidi kwamba kampuni mama ilichukua usukani wa jinsi kampuni ya Kenya ilivyojiandaa kwa hatari kama ile. Ya Kenya ilijisimamia yenyewe, kwa hivyo mama hakuwa na wajibu kwao. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilikataa hata kusikiliza rufaa yao.

Soma tena hapo. Faida ya shamba inapanda ngazi mpaka kwa mama bila kuulizwa maswali. Jina la mama liko kwenye pakiti. Sera za mama, zile za kuheshimu binadamu, ziko kwenye tovuti na picha za wachumaji wakitabasamu. Lakini siku ya msiba, mtoto anakuwa mtu mzima anayejitegemea.

Na kinachonikera zaidi ni jinsi sheria inavyofanya kazi hapo. Mwaka huohuo wa 2019, wanakijiji wa Chingola, Zambia, waliodai mgodi wa shaba umewaharibia mto, waliruhusiwa na Mahakama hiyohiyo ya Juu kuendelea na kesi London dhidi ya kampuni mama ya Vedanta. Tofauti moja kubwa ilikuwa kwamba Vedanta ilikuwa imeandika hadharani jinsi inavyosimamia migodi yake. Kwa lugha ya mtaa: mama aliyejisifu kuwa anawalea watoto wake vizuri aliitwa mahakamani, na mama aliyesema "mimi sikuingilia" akaenda nyumbani. Sasa kama wewe ni wakili wa kampuni kubwa, utamshauri mteja wako afuatilie usalama wa wachumaji wa Kericho, au asiulize kabisa?

Na msidhani ni Unilever tu. James Finlay, ile nyingine ya tangu miaka ya 1920, upande wake wa Kenya ulikuwa umesajiliwa Scotland, mjini Aberdeen. Wafanyakazi waliodai kuumia migongo kwa kubeba majani walipeleka kesi huko, na 2022 mahakama ya Edinburgh iliruhusu waishtaki kwa pamoja. Halafu 2023 ikasimamishwa, kwamba kwanza wapitie mfumo wa fidia wa Kenya. Mnaona safari? Unafunga safari mpaka kwa mama, mama anakwambia kamwone mtoto.

Kuna watakaoniambia shida ni ya Kenya, kwamba polisi wetu ndio walipaswa kuwalinda watu 2008 na mahakama zetu ndizo zilipaswa kutoa haki. Nusu ya hilo nakubali. Serikali ilishindwa vibaya sana, na mpaka leo ni wachache mno waliohukumiwa kwa yale mauaji ya nchi nzima. Lakini kampuni kubwa zinaijua serikali dhaifu kabla hazijanunua tiketi ya ndege. Udhaifu huo unaingia kwenye hesabu zao za biashara kama mvua na mbolea. Ufaransa ilishatunga sheria mwaka 2017 inayozibana kampuni zake kubwa zipange na zifuatilie usalama wa watu mpaka kwenye kampuni tanzu za nje. Kwa hivyo inawezekana. Bunge letu lingeweza kuanzia upande wa huku: anayetaka kumiliki ekari elfu kadhaa za Kenya aweke sahihi kwamba kampuni mama yake itajibu kesi hapa, Kisii, Kericho au Nairobi. Ardhi haiwezi kubebwa kwenda popote, kwa hivyo hapo ndipo tuna nguvu ya kujadiliana.

Badala yake tunatazama wenyewe wakibadilishana. Novemba 2021 Unilever ilitangaza kuuza biashara yake ya chai, pamoja na mashamba, kwa kampuni ya uwekezaji ya CVC, kwa yuro bilioni 4.5, na 2022 mauzo yakakamilika. Februari 2023 BBC ikatoa filamu iliyoonyesha wanawake wakidaiwa ngono ili wapate kazi kwenye mashamba ya Kericho. Mei mwaka huohuo mashine za kuchuma chai zikachomwa moto na vijana waliosema zinawanyang'anya kazi. Finlay ikauza mashamba yake ya Kenya kwa Browns ya Sri Lanka, asilimia 15 ikiwekewa ushirika wa wenyeji wa Kericho. Hiyo 15 ni hatua, na Wakipsigis wanaistahili, pengine hata zaidi. Ila mchumaji kutoka Nyamira ambaye mgongo wake ulibakia kwenye hiyo michai hakuwa kwenye hesabu.

Mwaka 2024 Browns wakanunua na yale yaliyokuwa ya Unilever. Kwa hivyo shamba walilofukuzwa wale 218 limeuzwa mara mbili tangu Mahakama ya Juu iwafungie mlango, na mama wa sasa yuko Colombo.