Kuchagua Vifaa vya Intaneti na Simu: Mwongozo kwa Familia, Wasafiri na Wenye Biashara Ndogo

Huduma ya intaneti katika siku zetu imekwisha kuingia katika maisha ya familia kama yalivyoingia maji na umeme. Ada ya shule hulipwa kwa simu, matokeo ya mitihani husomwa mtandaoni, mkulima huuliza bei ya mazao kabla ya kupakia gunia, na mwenye duka hupokea malipo ya wateja kwa laini. Kwa sababu hiyo, kifaa kisichofaa kinaigusa bajeti ya kaya moja kwa moja, na ni nyingi familia ambazo zimenunua ruta mbili au tatu ndani ya mwaka mmoja bila kupata nafuu yoyote. Makala haya yanakusudia kumsaidia msomaji kuelewa kwanza tatizo lake, kisha kuchagua kifaa kinacholijibu.

Tofauti kati ya intaneti na Wi-Fi

Chanzo kikubwa cha ununuzi wa hasara ni kuchanganya mambo mawili. Intaneti ni huduma inayotoka nje ya nyumba, yaani kutoka kwenye mnara wa simu, waya wa faiba au satelaiti. Wi-Fi ni njia ya kuisambaza huduma hiyo ndani ya nyumba. Mfano wake ni bomba la mtaa na mabomba ya chumbani: kama bomba la mtaa halina maji, kubadilisha koki ya jikoni hakusaidii kitu.

Kipimo ni chepesi. Simama karibu na ruta, pima kasi kwa simu moja tu wakati vifaa vingine vimezimwa. Ikiwa kasi ni ndogo hata hapo, kosa liko upande wa nje: mnara uko mbali, umelemewa na watumiaji, au kifurushi chenyewe kina kikomo cha kasi. Ikiwa kasi ni nzuri karibu na ruta lakini ni dhaifu chumba cha mwisho, kosa liko ndani ya nyumba. Asiyepima kwanza hununua kwa kubahatisha.

Aidha, inafaa kuelewa namba zinazotangazwa. Kasi huelezwa kwa megabiti, ilhali ukubwa wa mafaili huelezwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Hivyo huduma ya megabiti 20 kwa sekunde hupakua megabaiti 2.5 kwa sekunde. Faili la megabaiti 500 litachukua zaidi kidogo ya dakika 3. Vilevile, video ya ubora wa HD hutumia takriban GB 3 kwa saa. Bando la GB 20 basi huisha kwa saa zisizofika 7 za kutazama, hata kama ruta ni ya bei kubwa kiasi gani.

Njia za kuingiza intaneti nyumbani

Njia ya kwanza ni simu yenyewe kugawa intaneti kwa vifaa vingine. Kwa mtu mmoja au wawili wenye matumizi ya jioni, njia hii yatosha, wala hakuna haja ya kununua kitu. Udhaifu wake ni kwamba betri ya simu huchoka mapema, na mwenye simu akitoka, intaneti hutoka naye.

Njia ya pili ni ruta inayotumia laini ya simu. Hapa jambo la kuchunguza ni bendi za masafa ambazo kifaa kinazipokea. Masafa ya chini, kama MHz 700 na 800, hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi. Masafa ya juu, kama MHz 1800 na 2600, hubeba data nyingi lakini kwa umbali mfupi zaidi. Ruta iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la bara jingine yaweza kukosa bendi inayotumiwa na mnara wa kijijini kwako, nayo itakaa mezani ikionesha mtandao hafifu ilhali simu ya jirani inafanya kazi. Muulize mtoa huduma wako bendi anazotumia katika eneo lako, kisha zilinganishe na zile zilizoandikwa kwenye boksi.

Kabla ya kuchagua mtandao, azima laini za mitandao mbalimbali uzijaribu mahali penyewe ruta itakapokaa, tena kati ya saa 2 na saa 4 usiku, wakati watu wengi wamo mtandaoni. Katika simu nyingi za Android, sehemu ya taarifa za simu huonesha nguvu ya mawimbi kwa namba hasi. Kwa 4G, namba iliyo karibu na hasi 80 ni nzuri. Ikifika hasi 110 au kuzidi hapo, mawimbi ni dhaifu, na huenda ukahitaji ruta yenye sehemu ya kuunganisha antena ya nje.

Njia ya tatu ni faiba. Palipo na huduma hii, kwa kawaida huwa ndiyo imara zaidi, kwa kuwa haitegemei msongamano wa mnara. Njia ya nne ni satelaiti. Nchini Kenya, Starlink ilianza kutoa huduma mwezi Julai 2023, na kwa maeneo yasiyo na mnara ni msaada mkubwa. Hata hivyo, seti yake ya kawaida hutumia takriban wati 75 hadi 100, yaani karibu uniti 1.8 hadi 2.4 za umeme kwa siku ikiwashwa saa 24. Kwa nyumba inayotegemea sola ndogo, hesabu hiyo ifanywe kabla ya ununuzi. Hali kadhalika, mnunuzi ahakikishe kwamba huduma husika ina leseni katika nchi yake.

Vifaa vya nyumbani

Ikiwa kipimo kimeonesha kwamba tatizo liko ndani, anza na mahali ruta ilipo. Ruta iliyofichwa kabatini, nyuma ya televisheni au karibu na tangi la maji hupoteza nguvu bure. Mabati nayo huzuia mawimbi ya redio. Ndiyo maana katika nyumba yenye kuta za mabati, mtandao wa simu hupatikana mlangoni na kupotea chumbani. Ruta ya laini iwekwe dirishani upande ulioelekea mnara.

Ruta nyingi za sasa hutoa masafa mawili ya Wi-Fi. GHz 2.4 hufika mbali zaidi na kupita kuta vizuri zaidi. GHz 5 ina kasi kubwa lakini huishiwa nguvu mapema. Kifaa kinachokaa karibu na ruta kitumie GHz 5, na simu ya chumba cha mbali itumie GHz 2.4. Kuhusu kizazi cha Wi-Fi, ruta ya Wi-Fi 5 yatosha kwa familia ya kawaida. Wi-Fi 6 ina faida hasa palipo na vifaa vingi vinavyotumika kwa pamoja. Wi-Fi 7 haitaongeza kitu ikiwa intaneti inayoingia ni megabiti 10, au ikiwa simu za nyumbani ni za kizazi cha zamani.

Wengi hununua kirudishia mawimbi ili kufikisha Wi-Fi chumba cha mbali. Vile vya bei nafuu hupokea na kutuma kwa redio ileile, na hivyo kasi hupungua karibu nusu. Palipo na uwezekano wa kupitisha waya, ni bora kuweka ruta ya pili iliyounganishwa kwa waya. Waya wa Cat5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Lakini jihadhari: sokoni kuna waya wa alumini uliopakwa shaba, ambao hukatika upesi na kupoteza umeme njiani. Kwangua ncha yake kwa kisu. Rangi nyeupe ikitokea ndani, huo si shaba tupu.

Jambo la umeme lisisahaulike. Ruta nyingi hutumia volti 12 na ampea 1, yaani zisizozidi wati 12. UPS ndogo ya ruta iliyoandikwa mAh 10,000 hupimwa kwa volti 3.7 za seli zake, hivyo ina wati-saa 37 tu. Toa sehemu ya tano inayopotea, zabaki karibu 30. Ruta inayotumia wati 8 itadumu kati ya saa 3 na 4 umeme ukikatika. Hakikisha volti za UPS zinalingana na zilizoandikwa kwenye ruta, kwa maana volti zikizidi huiunguza. Katika maeneo yenye radi nyingi, kama yale yanayolizunguka Ziwa Victoria, chomoa umeme pamoja na waya wa antena ya nje kabla mvua haijaanza.

Vifaa vya safarini

Kwa msafiri mmoja, simu nzuri yenye laini mbili inatosha. Kwa kikundi, kama vile wanakwaya au mahujaji walio katika basi moja, kifaa kidogo cha mfukoni chenye laini na betri yake huokoa betri za simu za wote. Kabla ya kununua, hakikisha kifaa hakikufungwa kwa mtandao mmoja, la sivyo laini ya nchi nyingine haitafanya kazi ndani yake.

Anayevuka mpaka azime data ya nje ya nchi mpaka ajue gharama zake, kwa sababu programu hujisasisha zenyewe na kula salio kimyakimya. Tanzania, Kenya na Uganda hutumia plagi ya miguu mitatu ya pembenne, ilhali Rwanda, Burundi na Kongo hutumia zaidi plagi za miguu ya mviringo. Adapta ndogo yatosha. Katika Wi-Fi ya hoteli au stendi, usifanye miamala ya fedha. Tumia data ya laini yako. Aidha, andika pembeni namba ya IMEI ya simu yako, yenye tarakimu 15, kwa kubonyeza *#06#. Simu ikiibiwa, polisi na mtoa huduma watakuuliza namba hiyo.

Vifaa vya biashara ndogo

Kwa mwenye biashara, swali la kwanza ni: mtandao ukikatika kwa saa mbili, nitapoteza nini? Duka linalopokea malipo kwa simu, au ofisi inayotuma nyaraka kwa wateja, lahitaji njia ya pili. Zipo ruta zinazopokea faiba na laini kwa pamoja, na kuhamia kwenye laini faiba inapokatika. Laini hiyo ya akiba iwe ya kampuni nyingine, maana njia mbili za kampuni moja huweza kuzimika kwa pamoja.

Pili, tenganisha mitandao. Kompyuta ya mahesabu na kamera za ulinzi zisiwe kwenye Wi-Fi moja na wateja. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni. Uwashe na uupe nenosiri lake. Kamera zaweza kupata umeme kupitia waya uleule wa data, kwa kutumia swichi yenye uwezo wa kutoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu.

Tatu, na hili ndilo huvunja biashara na vikundi vingi: laini inayopokea fedha isajiliwe kwa jina la mmiliki au la biashara yenyewe. Laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mfanyakazi ni ya mfanyakazi machoni pa kampuni ya simu. Akiondoka, huondoka na namba ambayo wateja wameizoea pamoja na salio lake. Kwa vikundi vya akiba na michango ya jumuiya, tumieni akaunti ya kikundi inayodai idhini ya zaidi ya mtu mmoja. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Utaratibu huu humlinda pia mtunza hazina mwaminifu dhidi ya shutuma.

Usalama, na mambo ya kuangalia kabla ya kulipa

Siku ya kwanza, badilisha nenosiri la Wi-Fi na lile la kuingilia mipangilio ya ruta, kwa sababu yale ya kiwandani mara nyingi hujulikana. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Kifaa chenye WEP pekee usikinunue kabisa. Sasisha programu ya ruta. Ofisi ya parokia, zahanati au shule yenye kumbukumbu za watu ina wajibu mkubwa zaidi, kwani siri zilizomo ni za wengine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na wajibu huo unafika hata kwenye ofisi ndogo.

Ukiwa dukani, fuata hatua hizi:

1. Washa kifaa na ukijaribu kwa laini yako mwenyewe.
2. Linganisha IMEI iliyo kwenye boksi na iliyo kwenye kifaa. Nchini Tanzania, ambako simu bandia zilizimwa Juni 2016, waweza kuituma kwa ujumbe kwenda 15090 ili kuthibitisha uhalisi wake.
3. Soma bendi, volti na aina ya ulinzi.
4. Dai risiti na waranti iliyoandikwa, yenye jina la duka.
5. Uliza kama chaja na betri zake hupatikana mjini kwako.

Mpendwa msomaji, kifaa kinachofaa ni kile kinacholingana na mnara ulio karibu nawe, umeme ulio nao na kazi unayoifanya. Tumia jioni moja kupima kabla ya kufungua pochi. Huenda ukagundua kwamba unachohitaji ni mita chache za waya, au kuhamisha ruta kutoka kabatini hadi dirishani. Na fedha iliyobaki ikaenda kwenye ada ya mtoto.