Romingi: unite zinaenda wapi ukivuka Kasumbalesa

Shofere wa kamyo anatoka Lubumbashi na unite za kutosha. Anapita duane ya Kasumbalesa, analala Kitwe, na mbele ya kufika Nakonde simu yake haina tena kitu. Hakupiga simu nyingi. Watu wa kwake tu ndio walimpigia kumuuliza amefika wapi. Habari hiyo inajulikana sana kwenye barabara ya Dar es Salaam, na wengi wanasema kampuni imewaibia. Mara nyingi haikuiba. Ni romingi, na wateja wengi hawakuelezwa inavyofanya kazi.

Romingi ni kutumia laini ya kwenu kwenye antena za kampuni ya inchi nyingine. Kila kadi SIM ina namba yake ya ndani, si ile wanayokupigia, na tarakimu zake tatu za kwanza zinaonyesha inchi: 630 ni Kongo, 645 ni Zambia, 640 ni Tanzania. Simu ikiwaka Chililabombwe, antena ya Zambia inasoma 630, kisha inauliza kampuni ya Kongo: huyu ni mteja wenu, na mnakubali tumpokee? Ikijibiwa ndiyo, rezo inaingia. Kutoka hapo kila dakika na kila mega, kampuni ya Zambia inaidai kampuni ya Kongo, na hii ya Kongo inakata kwenye unite zako na kuongeza faida yake. Kama kampuni hizo mbili hazina mapatano, unabaki bila rezo hata antena iko juu ya kichwa chako.

Kitu kinachowashangaza watu ni kulipa kwa kupokea. Mama yuko Kenya, ile commune ya Lubumbashi, si ile inchi. Anapiga namba yako ya +243. Kwake ni simu ya Kongo kwa Kongo, analipa bei ya kila siku, wala hajui uko wapi. Lakini sauti yake inapaswa kusafiri kutoka Lubumbashi mpaka Mpika. Nani atalipa hicho kipande cha njia? Ni wewe uliyesafiri. Kwa hiyo dakika kumi za salamu za nyumbani zinaweza kumaliza unite ambazo hukugusa.

Mashofere wawili wa Kongo wakiegesha kamyo pamoja Nakonde, mmoja akimpigia mwenzake kwa laini ya Kongo, hali ni mbaya zaidi. Simu inatoka Zambia, inakwenda Kongo kumtafuta mwenzake, halafu inarudi Zambia. Huyu analipa kupiga, yule analipa kupokea, na kati yao kuna hatua ishirini tu. Afazali ashuke amwite kwa mdomo.

Tena si lazima kuvuka. Antena haijui mupaka. Kasumbalesa, Mokambo na Sakania, mtu anaweza kuwa ameketi nyumbani kwake Kongo na simu ikashika rezo ya Zambia, juu yake ndiyo inasikika vizuri wakati ule. Alama ndogo ya R karibu na alama ya rezo, au jina la kampuni geni, njo dalili. Wazambia nao wanayapata hayohayo: wale wanaokata kupitia Kongo kati ya Mufulira na Chembe, karibu kilomita 70, wanakuta simu zao zimehamia kwetu. Anayekaa mupakani aingie kwenye parametre za simu, aondoe kuchagua rezo kwa otomatiki, achague mwenyewe kampuni ya Kongo. Data ya romingi aizime na isiwashwe.

Hiyo data ndiyo inayouma kuliko sauti. Mtu akipiga simu anajua anapiga. Data inafanya kazi hata simu ikiwa mfukoni: WhatsApp inashusha video za kikundi cha kanisa, programu zinajisasisha, picha zinapanda kwenye hifadhi ya intaneti. Tuseme, kwa mfano tu, mega moja ya romingi inauzwa senti 50 za dola. Video moja ya mega 20 ni dola kumi, na ni mtu anayecheza. Forfe ya mega uliyonunua Lubumbashi kwa kawaida haihesabiki huko ng'ambo, isipokuwa imeandikwa wazi kwamba ni ya romingi. Kwa hiyo unaweza kuwa na giga tatu zimelala, na bado unakatwa unite.

Kosa lingine linatoka kwenye jina. Airtel iko Kongo, Zambia na Tanzania. Vodacom iko Kongo na Tanzania. Rangi ni ileile, lakini kila inchi ina kampuni yake, leseni yake na bei yake. Unite za Airtel ya Kongo hazigeuki za Airtel ya Zambia. Wazo la watu halikutoka hewani, maana Celtel ilianzisha mwaka 2006 mpango wa One Network kati ya Kenya, Uganda na Tanzania, na mwaka 2007 Kongo ikaingizwa: mteja alipokea bila kulipa na kupiga kwa bei ya wenyeji. Celtel ikawa Zain, kisha mwaka 2010 ikawa Airtel. Mtu asisafiri leo kwa kutegemea bei za wakati ule. Aulize kampuni bei tatu, mbele ya kutoka: kupiga nyumbani, kupokea, na mega moja.

Siasa nayo imejaribu. Rwanda, Uganda na Kenya zilipatana mwaka 2014 kupunguza bei na kuondoa malipo ya kupokea. Ulaya iliondoa nyongeza za romingi kati ya inchi za Umoja wake tarehe 15 Juni 2017. Kongo iko ndani ya SADC pamoja na Zambia na Tanzania, na tangu 2022 iko pia ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini bendera kwenye mkutano haishushi bei ya dakika peke yake. Inahitaji wasimamizi, kwetu ARPTC, walazimishe makampuni yapunguze yanavyodaiana.

Wakati huohuo wafanya biashara wameishajipangia. Simu ya kadi mbili: moja ya Kongo, nyingine ya inchi wanayopita. Laini ya Zambia au Tanzania lazima iandikishwe kwa pasipoti, na Tanzania wanachukua alama za vidole. Kadi iliyokwisha kuandikishwa kwa jina la mtu mwingine, inayouzwa barabarani, inaweza kufungwa siku yoyote, na yule mwenye jina anaweza kukuletea matatizo yake. WhatsApp inabaki na namba ya Kongo hata mega zikitoka kwenye kadi nyingine. Programu ikiuliza ubadilishe namba, kataa. Usiitupe kadi ya Kongo. Iache ndani, data yake imezimwa, juu SMS za siri za benki zinakuja huko, na kupokea SMS kwa kawaida hakukatwi.

Pesa ya simu ni jambo la kufikiri kabisa. Mtu wa kabine Tunduma hawezi kukutolea shilingi kutoka M-Pesa au Airtel Money ya Kongo kama vile uko Lubumbashi. Menyu ya pesa yenyewe mara nyingine inafunguka katika romingi, mara nyingine inakataa. Pesa ya njia itolewe mbele ya mupaka.

Kuna mahali romingi inashinda kadi ya wenyeji. Wanaokwenda Guangzhou kununua bidhaa wanajua WhatsApp imefungwa China. Lakini data ya romingi kwa kawaida inarudi kwanza kwenye kampuni ya nyumbani ndipo iingie intaneti, kwa hiyo kwa kadi ya Kongo WhatsApp inafanya kazi. Ni ghali, wanaiwasha tu kutuma picha ya bidhaa na bei, kisha wanazima.

Ukirudi Kasumbalesa, rudisha kuchagua rezo kwenye otomatiki. Wengine wanasahau, wanafika Likasi simu bado inatafuta antena ya Zambia, na wanampelekea fundi simu isiyo na ugonjwa.