Kazi sawa, mshahara sawa: historia na sheria kwa shule ya Ndosho inayotaka kuiigiza

Kila mwaka mwezi wa tatu ukikaribia, shule za Goma zinaanza kutayarisha siku ya wamama ya tarehe 8. Vikwembe vinashonwa, korale inafanya mazoezi, wanafunzi wa sekondari wanaandika skechi. Nyingi ni za kusifu mama: mama alinibeba, mama alinilisha. Si vibaya. Lakini kuna swali moja ambalo halipandi sana jukwaani: mama analipwa ngapi, na mwanaume wa kazi ile ile analipwa ngapi? Na bado siku hiyo ilizaliwa kati ya wanawake wafanyakazi, kwenye mkutano wa Copenhagen wa mwaka 1910. Haikuzaliwa juu ya vikwembe.

Pale Ndosho, upande wa magharibi wa mji kwenye barabara ya Sake, swali hilo halihitaji maelezo marefu. Kuna wamama wanaobeba mizigo kwa mgongo, kamba kwenye kipaji cha uso. Kuna wanaoponda mawe ya volkano yawe kokoto za kujengea. Kuna atelie za washonaji, na wasichana wengi wanasoma ushonaji shuleni. Kila mmoja wao anajua bei ya kazi yake, na anajua nani aliipanga.

Ukurasa huu ni kwa walimu, wanafunzi na wazazi wanaofikiria kutengeneza mchezo wa nyimbo juu ya jambo hilo. Tunaeleza hadithi za kweli zinazoweza kusaidia, sheria ya Congo inasema nini, na mambo machache ya kuangalia mbele ya kupanda jukwaani.

Wamama wa mashini, Dagenham 1968

Mchezo wa nyimbo unaojulikana zaidi juu ya mshahara sawa ni ule wa Kiingereza unaoitwa Made in Dagenham. Ulitoka kwanza kama filamu mwaka 2010, kisha ukaimbwa kwenye teyatri ya Adelphi ya London mwaka 2014, na toka wakati huo shule nyingi za Uingereza zimeucheza. Hadithi yake ni ya kweli, ijapo mama anayeongoza kwenye filamu, Rita, ni wa kubuniwa. Katika ukweli hakukuwa shujaa mmoja. Walikuwa 187.

Wanawake hao walikuwa wanashona vifuniko vya viti vya magari kwenye kiwanda cha Ford, Dagenham, karibu na London. Tarehe 7 mwezi wa sita 1968 waliacha mashini na kutoka. Watu wengi wanafikiri walitoka tu kwa sababu wanaume walilipwa zaidi. Hiyo ni nusu ya mambo. Kampuni ilikuwa imepanga kazi zote kwa madaraja, na kazi yao iliwekwa daraja B, la watu wasio na ujuzi mkubwa, badala ya daraja C. Na bado mtu hakuweza kuingia kwenye kazi hiyo bila kupita mtihani wa kushona. Yaani kampuni ilidai ujuzi mlangoni, kisha ikaukataa siku ya kulipa. Juu ya hayo, hata ndani ya daraja B mwanamke alipata asilimia 85 tu ya mshahara wa mwanaume wa daraja lile lile.

Gari haiuzwi bila viti. Katika majuma matatu kazi ya Ford Uingereza ilikwama, na waziri wa kazi, Barbara Castle, ambaye naye alikuwa mwanamke, akawaita wajumbe wao ofisini. Walirudi kazini na asilimia 92, pamoja na ahadi ya kufikia mia kwa mia mwaka uliofuata. Mwaka 1970 Uingereza ikapitisha sheria ya mshahara sawa, ikaanza kutumika mwisho wa 1975.

Filamu inaishia kwa shangwe. Mimi naona sehemu muhimu kwa wanafunzi ndiyo ile inayokuja baadaye: lile daraja C, jambo la kwanza walilotokea barabarani, hawakulipata mwaka 1968. Walilipata mwaka 1984, kisha mgomo mwingine. Miaka 16. Wengine walikuwa wameisha kustaafu. Pesa ilikubaliwa upesi kuliko kukubali kwamba kushona ni ujuzi.

Herstal na Sabena

Kwetu Congo kuna hadithi nyingine iliyo karibu zaidi, juu ya nchi iliyotutawala mpaka 1960, na ninashangaa kwa nini inatajwa kidogo hivi. Miaka miwili mbele ya Dagenham, tarehe 16 mwezi wa pili 1966, wanawake wapatao 3,000 wa kiwanda cha FN cha Herstal, karibu na mji wa Liège, Ubelgiji, waliacha kazi. FN ni kiwanda cha silaha. Watu wa huku wanalijua jina hilo kwa sababu nyingine.

Waliitwa "wanawake-mashini". Walisimama siku nzima ndani ya mafuta na kelele, kila mmoja akiangalia mashini zaidi ya moja, na mwanaume aliyefagia ndani ya kiwanda aliweza kupata mshahara kuliko wao. Silaha yao ilikuwa karatasi moja. Mwaka 1957 Ubelgiji ilikuwa imetia sahihi mkataba wa Roma, na kifungu cha 119 cha mkataba huo kinasema mwanaume na mwanamke walipwe sawa kwa kazi sawa. Miaka tisa ilikuwa imepita. Wakauliza: sahihi hii ni ya nani?

Mgomo uliendelea majuma 12. Vipande walivyokuwa wanatengeneza vikakosekana, maelfu ya wanaume wa kiwanda wakarudishwa nyumbani bila kazi. Hapo ndipo kuna teyatri. Papa amekaa nyumbani bila mshahara kwa sababu mama amegoma, mama anatoka asubuhi kwenda kwenye mkutano, watoto wanaangalia wote wawili. Mwalimu anayetafuta sene ya katikati ya mchezo, ndiyo hiyo.

Waliomba nyongeza ya franka 5 kwa saa. Walipata chini ya 3. Ukihesabu tu pesa utasema walishindwa. Lakini waandamanaji walitoka fasi nyingi za Ulaya kuja kuwasaidia, na kile kifungu cha 119, ambacho wakubwa walikuwa wameacha kilale, kikaanza kusomwa na kila sendika. Waliimba pia: walichukua wimbo uliokuwa unasikika redioni wakati ule wakaubadilisha maneno yawe ya kwao.

Kisha akaja Gabrielle Defrenne, mhudumu wa ndege za Sabena, zile zilizokuwa zinafika mpaka kwetu. Kampuni iliwalipa wanaume wa kazi ile ile zaidi, na ilimwachisha kazi mwaka 1968 alipofikia miaka 40, kwa kuwa mkataba wa wanawake ulikatika kwenye umri huo. Wanaume waliendelea. Mwanasheria Éliane Vogel-Polsky alipeleka kesi yake mpaka kwenye korti ya Ulaya, na tarehe 8 mwezi wa nne 1976 korti ikasema kifungu cha 119 kinaweza kudaiwa na mfanyakazi yeyote mbele ya hakimu wa nchi yake. Juu ya kuachishwa kwa sababu ya umri, hakushinda.

Sheria ya Congo inasema nini

Hapa watu wengi wanakosea, wanafikiri sheria ya mshahara sawa ni ya wazungu. Congo ilikubali mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, ule wa mshahara sawa, tarehe 16 mwezi wa sita 1969. Code ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, kifungu cha 86, inasema kwamba kama hali ya kazi, ujuzi na matokeo ni sawa, mshahara ni sawa kwa wafanyakazi wote, bila kuangalia asili, jinsia ao umri. Katiba ya 2006 inaongeza kifungu cha 14 juu ya kuondoa ubaguzi kwa wanawake, na sheria namba 15/013 ya 2015 inahusu haki za mwanamke na usawa.

Soma tena yale maneno matatu: hali, ujuzi, matokeo. Ni milango mitatu, na boss anaweza kutokea kwenye kila mmoja. "Huyu mama hana ujuzi." "Huyu mama kazi yake ni nyepesi." Njo maana hadithi ya daraja B na C ya Dagenham inatuhusu. Mkataba namba 100 wenyewe unaenda mbali zaidi, unasema kazi yenye thamani sawa. Yaani haitoshi kulinganisha mchaguaji kahawa mwanamke na mchaguaji mwanaume, ambaye pengine hayuko. Mtu anaweza kuuliza kwa nini kuchagua kahawa kunalipwa chini kuliko kubeba gunia la ile ile kahawa. Kwenye machimbo ya huku mashariki ni vilevile: fasi nyingi mwanamke haruhusiwi kuingia shimoni, wengine wanasema madini yatapotea, anabakia kuosha, kuponda na kubeba. Hakuna aliyempunguzia mshahara. Walimnyima tu kazi yenye mshahara mkubwa.

Mfano rahisi kwa mtoto uko ndani ya shule yake. Mwalimu mama na mwalimu papa wenye diploma moja, gradi moja na miaka sawa ya kazi, bareme ya serikali ni moja. Basi wanafunzi wahesabu wenyewe: wamama ni wangapi kwenye darasa za watoto wadogo, wangapi kwenye sekondari, na nani amekaa kwenye kiti cha prefe.

Kuna jambo la kusema wazi. Mama anayebeba mzigo leo kwa huyu, kesho kwa yule, kifungu cha 86 hakimfikii kwa urahisi, kwa sababu hana mwajiri mmoja. Lakini yule anayefanya kazi kila siku kwa mtu yule yule, hata bila karatasi, ana mkataba machoni pa sheria, na anaweza kuuonyesha kwa mashahidi na kwa njia nyingine. Malalamiko yanaanzia kwa mkaguzi wa kazi, ile inspeksio, anayewapatanisha kwanza. Wasipopatana ndipo tribinali. Na deni la mshahara lina muda: mwaka mmoja toka siku ulipopaswa kulipwa. Ukipita, mlango umefungwa.

Mpaka 2016 kulikuwa pia ukuta mwingine. Code ya familia ya 1987 ilidai ruhusa ya bwana kwa mke anayetaka kufanya tendo la kisheria. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Nyumbani, wengi bado hawajasikia habari hiyo, na hiyo peke yake inatosha sene nzima.

Kuandika wa kwetu

Kucheza Made in Dagenham yenyewe Ndosho si njia nzuri. Inaomba ruhusa na malipo kwa wenye haki, ni ya Kiingereza, na kuitafsiri kunaomba ruhusa nyingine. Congo nayo inalinda haki za watunzi toka sheria ya tarehe 5 mwezi wa nne 1986, kwa hiyo hata kuchukua wimbo wa msanii wa Goma na kuubadilisha maneno kunahitaji kumuuliza. Nyimbo za kazi za zamani, zile bibi zetu waliimba kwa kulima na kutwanga, hazina mtunzi anayejulikana. Kuanzia huko ni bora zaidi.

Mfano mkubwa wa eneo letu ni wa Kamĩrĩthũ, Limuru, Kenya. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa pale, wanawake wengi ndani, walicheza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, kwa lugha yao na nyimbo zao, kwenye jukwaa walilojijengea. Mazoezi yalikuwa wazi, watu wakakaa na kusahihisha: hapana, kiwandani hatusemi hivyo. Ulianza tarehe 2 mwezi wa kumi. Tarehe 16 mwezi wa kumi na moja serikali ikaondoa ruhusa, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akafungwa bila kesi. Mchezo uligusa wakubwa juu ya mshahara na udongo. Shule ya kwetu ikumbuke hilo: msitaje jina la boss wa kweli ao la kampuni, na maandiko yasomwe na direkta na kamati ya wazazi, COPA, mbele ya mazoezi kuanza. Hiyo si woga. Watoto ndio watakaosimama pale mbele.

Kazi ya kwanza basi si kuimba, ni kuuliza. Kila mwanafunzi amuulize mama mmoja wa mtaani: unalipwa kwa siku, kwa ndoo ao kwa safari? Mwanaume analipwa vile vile? Nani alisema bei? Wengine wataogopa kujibu, wasilazimishwe, na majina yasiandikwe. Majibu hayo ndiyo yatatoa maneno ya nyimbo, hata hesabu zake.

Muziki hauhitaji sinteza wala moto wa umeme. Mashini ya kushona ya kukanyaga kwa mguu ina mpigo wake, nyundo juu ya jiwe ina wake. Mashini nne na nyundo sita, kisha zote zinyamaze mara moja: huo ndio mgomo, na aliye nyuma kabisa ya uwanja atauelewa. Wavulana wapewe pia nafasi ya wanaume waliorudishwa nyumbani. Wasibakie tu kucheza boss mwenye tumbo. Mazoezi yaishe mapema, wasichana wafike nyumbani kabla ya giza, na siku ya kucheza iwe mchana. Viti vya mbele wapewe wale wamama waliojibu maswali, na wakisimama kusahihisha katikati ya wimbo, waachwe waseme.